Kimya cha Mwari

Mara ya kwanza Swabir alipoahidi kuleta posa, mjomba wake aliugua. Mara ya pili bendi ilipata shoo Malindi. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, Jumamosi saa sita mchana, mpaka nyuma ya duka la dawa pale Ukunda, kuja kusema kwamba haji.

Hakulisema mara moja. Alisimama kwenye mlango wa stoo, mrefu, mwembamba, gitaa limemlalia mgongoni ndani ya mfuko wake mweusi, akatabasamu lile tabasamu la mabango yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima kutoka Ukunda hadi Likoni. Twaiba alikuwa akipanga maboksi ya dawa za homa. Alipomwona moyo wake uliruka kwa furaha, kisha ukatua vibaya. Mtu aliyebeba habari njema hasimami mlangoni.

"Karibu, msanii," alisema Jumwa, mwenzake wa kazini, bila hata kugeuka. "Leo umekuja kununua dawa ya kikohozi au umekuja kutuuzia maneno?"

"Maneno mimi nagawa bure, dada Jumwa."

"Ndiyo maana hayashibishi." Jumwa akapita katikati yao kwa makusudi, kiwiliwili chake kipana kikimsukuma Swabir na gitaa lake kando. "Dakika kumi, Twaiba. Wateja wakijaa nitakuita kwa jina la baba yako, kila mtu asikie."

Wakabaki wawili na maboksi.

"Mjomba Athmani yuko wapi?" Twaiba aliuliza.

"Salamu hakuna?"

"Salaam aleikum. Mjomba Athmani yuko wapi?"

"Waleikum salaam." Swabir alilitua gitaa chini polepole, kama mtu anayetafuta muda. "Yuko kwake, hajambo. Twaiba, nisikilize kwanza. Wale watu wa Nairobi, wa kurekodi, wamefika. Wamekuja leo leo. Saa tisa wanatutazama pale hotelini Diani."

"Saa tisa."

"Saa tisa mpaka magharibi."

"Na mjomba wako alikuwa aingie kwetu saa nane."

"Siwezi kumtuma mzee wa watu peke yake akanitafutie mke mimi nikiwa nacheza gitaa. Si adabu. Itakuwaje, baba yako akiuliza kijana yuko wapi, mzee ajibu nini?"

Lilikuwa jambo la haki, na ndilo lililomuudhi Twaiba. Swabir alikuwa na kipawa cha kutafuta jambo la haki na kujificha nyuma yake.

"Wanaitaka Tumbawe," alimwuliza, "au wanakutaka wewe?"

Swabir akatazama viatu vyake.

Tumbawe ilikuwa bendi ya vijana wanne wa Ukunda. Walianza miaka sita nyuma katika chumba kilichokuwa zamani cha kuhifadhia samaki, ambako harufu haikutoka hata walipopaka rangi mara mbili. Walipiga roki, muziki wa magitaa makali na ngoma za kishindo, na wazee wa mtaa wakauita muziki wa mabati kwa sababu ulisikika kama mabati yanayong'olewa na upepo. Walianza na watalii wa Diani. Kisha wimbo mmoja ukaenea simuni, wakaitwa Mombasa, wakaitwa Nairobi. Mbele yao wote alisimama Swabir. Na jinsi jina la bendi lilivyokua, ndivyo Swabir alivyozidi kuwa na kazi nyingine za peke yake: santuri ya kwanza aliyorekodi na gitaa kavu tu, lisilo na umeme, ya pili na mpiga ngoma ya msondo mmoja wa Kinango. Kila alipoulizwa alisema, "Hiyo ni kazi ya pembeni tu." Kitsao, mpiga ngoma, akamwita Bwana Pembeni, na watu wakacheka, na Kitsao mwenyewe akacheka, lakini si kwa macho.

"Kitsao anajua kwamba wanakutaka wewe?" Twaiba aliuliza.

"Kitsao atajua wakati wake."

"Na mimi je? Mimi nimo katika Tumbawe au nimo katika kazi za pembeni?"

"Twaiba, tafadhali."

"Hapana, niambie nijijue. Wazee wa Waziri wanakuja leo alasiri kuchukua jibu la posa yao. Nilikwambia Jumapili, nikakwambia Jumatano. Baba amewazungusha wiki mbili kwa ajili yako. Nilimwambia shangazi kuna mtu, shangazi akamwambia baba, na baba hakugomba. Unajua alisema nini? Alisema, 'Aje. Mlango wangu hauna kufuli.' Wiki mbili, Swabir. Mlango uko wazi na hakuna aliyeingia isipokuwa kuku."

Swabir alitaka kucheka, akajizuia. "Huyo Waziri ni mtu wa namna gani?"

"Karani wa forodha pale Lungalunga. Mpole. Anaswali. Hana baya."

"Basi sema humtaki. Nani anaoza mtoto kwa nguvu siku hizi? Utaulizwa, nawe utajibu."

"Wewe husimama mbele ya watu elfu mbili ukapiga kelele na wakakupigia makofi. Mimi nikisema neno moja mbele ya watu watano, litasikika mpaka Shimoni."

"Neno moja tu." Alisogea karibu, na Twaiba akaona kifungo cha pili cha shati lake la buluu kimekatika, pamefungwa kwa pini. Mikono yake ikataka kukishona pale pale. "Liseme hilo neno leo, na Ijumaa mimi na mjomba tuko barazani kwenu. Wallahi, Twaiba."

"Usiape."

"Naapa."

"Nakwambia usiape!"

Nje pikipiki ilipiga honi mara mbili. Ni Kitsao, amekuja kumchukua. Swabir akafungua mfuko wa gitaa, akatoa hedifoni kubwa nyeusi, zile za kufunika masikio yote mawili, akaziweka juu ya boksi. Hakumpa mkononi. Siku zote walipeana vitu hivyo, kwa kuweka na kuchukua, na katika ile nafasi baina ya mkono na mkono ndimo Twaiba alimoishi miaka miwili hii.

"Kazi yangu mpya," alisema Swabir kwa sauti ya chini. "Nimekutumia kwenye simu sasa hivi. Nyimbo kumi na moja. Hakuna aliyezisikia, hata Kitsao. Wa mwisho ni wako. Usianze na wa mwisho kama unavyosoma vitabu."

"Unaitwaje?"

"Hauna jina bado. Ukiusikia utajua nilichokuwa nataka kusema."

Akaondoka. Twaiba alimtazama mgongo mpaka pikipiki ilipopinda kona ya sheli, na kwa miaka mingi baadaye mgongo ule ndio aliokuwa akiuona kila alipofumba macho.

*

Nyumbani Msambweni udi ulikuwa umeshafukizwa. Twaiba aliusikia kutoka njiani, akasimama. Mara ya mwisho nyumba yao kunukia vile ilikuwa siku ya hitima ya mama yake.

Shangazi Bimkubwa, dada wa baba aliyemlea tangu msiba ule, alikuwa ukumbini akipanga vikombe. Mikeka mipya ilikuwa imetandikwa barazani, na kanga za harusi za marehemu, ambazo hazikuwa zimetoka sandukuni kwa miaka saba, zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umechelewa. Kaoge, ujitande kanga ya mama yako, ukae chumbani. Wageni wanakuja na alasiri."

"Shangazi, kuhusu jibu langu..."

"Sasa sitaki kulisikia." Bimkubwa aliinua mkono. "Mambo yana utaratibu wake. Baba yako atanituma, nitakuja mlangoni kwako, nitakuuliza mbele ya jirani yetu Bi Kahaso awe shahidi. Hapo ndipo utajibu. Jibu la jikoni si jibu." Akafuta kikombe kilichokuwa kisafi. "Na yule wako wa magitaa? Ameshaonekana?"

"Atakuja Ijumaa."

"Ijumaa ya mwezi gani?"

 Uso mkali wa Bimkubwa ukalegea.

"Mwanangu, mimi sina vita na mtu anayeimba. Hata babu yako alikuwa na sauti. Lakini mwanamume akikutaka, miguu yake hujua njia. Nenda kaoge."

Alioga. Akajitanda ile kanga. Akakaa juu ya mkeka akilikabili dirisha, akalipa mgongo pazia la mlango, akajifunza neno lake kwa sauti ndogo. "Sikubali. Shangazi, sikubali. Mwambie baba, sikubali." Kila alipolisema lilizidi kuwa jepesi. Ilikuwa saa nane na nusu. Alikuwa na saa nzima. Msikiti ulikuwa nyumba ya tatu kutoka kwao; adhana ikisomwa hata vikombe hutikisika. Nikisikia adhana, alijiambia, nitazivua zile hedifoni.

Akazivaa hedifoni chini ya kanga, akafungua wimbo wa kwanza.

Kitu ambacho hakukifikiria ni kwamba hedifoni zile zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokaa karibu na ngoma. Dunia yote ilizimika. Akabaki na pumzi za Swabir tu, karibu kuliko alivyowahi kuwa naye.

Nyimbo zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuimba na wenzake, na ndiyo sababu zilimtia hofu. Wa kwanza ulikuwa wa barabara ya Taru usiku. Wa tatu ulikuwa wa chumba cha hoteli, mtu anaamka na hajui yuko mji gani. Wa sita ulikuwa wa uwanja wa ndege. Twaiba alisubiri nyumba itajwe, au mlango, au mtu anayengojwa mahali na akafika. Kufikia wa tisa akatambua kwamba katika nyimbo zote hizo hakuna hata moja ambamo mtu alirudi. Machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta.

Kisha ukaja wa kumi na moja, wake.

Gitaa lilianza taratibu. Sauti ya Swabir ikaingia kwa chini, midomo imefungwa, akivumisha kama mama anayembembeleza mtoto. Twaiba akainamisha kichwa asije akakosa neno la kwanza. Sauti ikapanda, ikashuka, ikazunguka. Akaongeza sauti ya simu. Sasa ataanza. Baada ya mzunguko huu ataanza. Akafumba macho kwa nguvu. Alingoja mzunguko wa pili na wa tatu, na Swabir akavumisha tu, dakika nne, dakika tano, mpaka gitaa likaisha na mtu mmoja akakohoa, na kanda ikakatika.

Hakuna hata neno.

Akazivua hedifoni. Na cha kwanza kuingia masikioni mwake kilikuwa vigelegele.

Mwanzo alidhani ni kwa jirani. Kisha pazia likafunguka, Shangazi Bimkubwa akaingia macho yamelowa, akapiga magoti, akamkumbatia kwa nguvu.

"Umenipa heshima, mwanangu. Mungu akupe heshima nawe. Nilikuja hapa nikitetemeka, wallahi, nikasema huyu leo atatuaibisha. Nikakuuliza mara ya kwanza, ukanyamaza. Mara ya pili, ukainamisha kichwa. Mara ya tatu Bi Kahaso akaniambia, 'Tazama mabega, mtoto analia.' Kama mama yako! Kama mama yako siku yake! Hakusema neno, alilia tu."

Twaiba alijinasua mikononi mwake.

"Shangazi. Uliniuliza nini?"

"Nilikuuliza nini! Kama unamridhia Waziri bin Rai kwa mahari waliyokubaliana wazee. Ukanyamaza. Na kimya cha mwari ni ridhaa, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Nimekwisha mpelekea baba yako, naye amekwisha watamkia."

"Sikukusikia."

"Hukunisikia vipi, nami nilisimama hapo?"

"Hata adhana sikuisikia," alisema Twaiba, akainua hedifoni kutoka chini ya kanga.

Bimkubwa alizitazama kama mtu anayetazama nyoka na bado hajaamini kwamba ni nyoka. Vigelegele vilikuwa vimeanza tena uani.

"Mwana wee," alinong'ona. "Umetufanya nini?" Kisha kwa haraka: "Zifiche. Hakuna aliyeziona. Zitie chini ya godoro, tunyamaze, tulizike jambo hili mimi na wewe. Waziri ni mtu mwema, utamzoea..."

"Baba!"

Bimkubwa alimziba mdomo kwa kiganja, lakini alikuwa amechelewa. Lile neno lililotoka, ingawa si lile alilojifunza, lilifika barazani.

Maalim Abdulwahab aliingia akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Alikuwa mtu wa kusema kidogo. Miaka thelathini ya kufundisha watoto Kurani ilikuwa imemmaliza sauti. Akamtazama dada yake, akamtazama binti yake, akaziona zile hedifoni. Hakuhitaji kuelezwa mengi, lakini alingoja aelezwe, na Twaiba akaeleza yote.

"Ina maana jibu nililowapa watu wale," alisema mwishoni, "si jibu."

"Si jibu, baba. Nisamehe."

"Kaka, kauli imekwisha toka," alisema Bimkubwa.

"Imetoka. Fatiha ya kulifunga jambo haijasomwa." Alivua kofia, akaigeuza geuza mikononi. Nje wageni walikuwa wakicheka jambo. "Nikitoka hapa nikasema nimekosea, nitakuwa nimejivunjia uso. Wale ni watu wazima, wametoka Lungalunga. Lakini uso wangu ni wangu, naweza kuuvunja kwa ajili ya mwanangu. Kwa sharti moja." Akamwelekea Twaiba. "Mpigie. Sasa hivi, nami nisikie. Sitaki aje leo. Aseme tu kwa mdomo wake kwamba anakuja. Hilo litanitosha."

Twaiba akaikosea namba mara ya kwanza, naye aliijua kwa moyo. Simu ililia, ikalia. Ikapokewa kwa kelele nyingi.

"Swabir?"

"Siye, dadangu. Ni Kitsao."

"Kitsao, nipe Swabir. Dakika moja tu. Nakuomba."

"Yuko stejini."

"Na wewe mbona huko naye?"

Kitsao alicheka kicheko kikavu. "Ametuambia tushuke, apige zake mbili peke yake, wale wageni wamsikie. Leo sisi ndio wa pembeni. Kuna nini, mbona sauti yako hivyo?"

"Mpelekee simu. Mwambie aseme neno moja na baba yangu. Moja tu."

"Ngoja, nasogea. Ngoja... anaongea na watu. Unamsikia?"

Walimsikia. Chumba kizima kilimsikia. Sauti yake ilikuwa wazi, imejaa furaha, kubwa kuliko ile simu ndogo iliyoibeba.

"Huyu dada hapa mbele ananiuliza nina mke!" Watu wakapiga mayowe. "Dada, sina mke! Sina mchumba! Sina mtu anayeningoja popote! Ninao nyinyi tu, Diani!"

Mayowe yakafunika kila kitu. Sauti ya Kitsao ikasikika kwa mbali, "Twaiba, hebu... Twaiba, usi...", na mstari ukakatika.

Bimkubwa alitazama chini. Hata yeye hakufurahi.

"Ni maneno ya jukwaani, baba," alisema Twaiba. "Huyasema kila mahali. Nairobi aliyasema, Malindi aliyasema. Ni desturi yao, watu wapige kelele. Si maneno ya kweli."

Maalim Abdulwahab alivaa kofia yake, akaisawazisha. Alipozungumza hakuwa na hasira hata kidogo, na Twaiba angependa sana awe nayo.

"Na yale aliyokwambia wewe, mwanangu, aliyasemea wapi?"

Twaiba alipekua kumbukumbu zake. Alitafuta baraza, mzee mmoja, shahidi mmoja. Alipata stoo ya duka la dawa na harufu ya maboksi.

Baba yake alingoja. Alingoja kwa uadilifu, mtu asije akasema hakumpa nafasi. Kisha akamwekea mkono kichwani, juu ya kanga ya mama yake, akatoka.

Barazani kicheko kilikoma. Mtu alisafisha koo, na sauti za wanaume zikaanza pamoja, taratibu, kusoma Fatiha. Bimkubwa aliinua viganja mahali alipokuwa. Twaiba hakuinua vyake.

Simu ikawaka mkononi mwake.

"Twaiba!" Swabir alikuwa akitweta. "Twaiba, wamenichukua! Hata sijamaliza wimbo wa pili, yule mkubwa wao akasimama. Jumatatu naondoka. Nilikwambia! Si nilikwambia? Wamenichukua, Twaiba!"

"Aamin," walisema wanaume barazani.

"Nini hiyo? Mbona kuna watu wengi hapo? Kitsao anasema ulikuwa unanitafuta, uko salama?"

"Niko salama," alisema Twaiba. "Na mimi nimechukuliwa, Swabir."

Nyuma ya Swabir kule Diani watu walikuwa wamekwisha shika jina lake, wanaliita kwa pamoja na kupiga makofi, Swa-bir, Swa-bir, wanamtaka arudi. Twaiba alisikia pumzi ya Swabir ikivutwa, ikakaa. Swabir hakujua amwitikie nani, wao au Twaiba.